Kofia Iliyoshika Nafasi

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa themanini na tano, Nthenya alipasha maji moto, akatia chumvi ya kujaa kiganja, akayamimina kwenye karai na kulisukuma hadi miguuni pa mumewe. Kivuva alivua viatu. Vilikuwa vimejaa maji, maana mvua ilikuwa imenyesha Sultan Hamud. Kanyangi, walikokaa, mvua ilikuwa bado. Nthenya alivichukua viatu, akatoka nje, akamwagia yale maji mche wa boga uliokuwa nyuma ya jikoni, akarudi kukoroga mboga.

Boga lile lilikuwa limewafaa miaka mingi. Mwaka mmoja tu lilikauka, mwaka uliotangulia, wa ile njaa iliyoitwa Nikwa Ngwete, mtu alipokuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna. Mwaka huo hata Sultan Hamud haikunyesha, na viatu vya Kivuva vilikuwa vikavu kama vya watu wengine.

"Leo ni mpaka wapi?" Nthenya aliuliza.

"Mpaka kwa paja," alisema Kivuva.

Zamani maumivu yalikuwa yakiishia kwenye vifundo vya miguu. Kisha yakapanda hadi magotini. Sasa hakuweza kukanyaga klachi kwa zaidi ya saa moja bila mguu kuanza kutetemeka, na dereva ambaye mguu wake wa kushoto umekataa kazi hana kazi. Dakitari wa zahanati ya misheni alimpima, akamwambia miguu yake ni ya mtu anayesimama kutwa juani. Kivuva alijibu kwamba ni kweli. Dakitari akampa dawa ya kuchua, na mambo yakaishia hapo.

Jambo lenyewe lilikuwa la mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nne. Kivuva alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akiendesha lori lililobeba mbuzi wa Muktar, mfanyabiashara wa mifugo aliyewanunua huko pande za Kitui na kutaka kuwafikisha barabara ya Mombasa siku hiyohiyo. Walipofika kona ya Kwa Ngumbau, kabla ya kuingia Sultan Hamud, koplo mmoja wa trafiki aliinua mkono. Alilizunguka lori mara tatu. Breki zilikuwa nzuri, magurudumu mazuri, bima ipo. Mara ya nne akaona ufa kwenye kioo cha taa ya nyuma, ufa ambao ungefunikwa na ukucha. Akamwuliza Kivuva kama hana neno. Kivuva alikuwa na miezi miwili tu tangu aokoke, na bado alikuwa akichukua maswali jinsi yalivyoulizwa. Akasema hana neno, ila taa ataitengeneza.

Koplo akaichukua leseni yake, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Ngoja hapa," alisema. "Usitoke. Narudi saa hii." Akasimamisha gari la watu wengine, akapanda, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Kufikia saa tisa alasiri mbuzi wanane walikuwa wamekufa, na wale waliobaki walikuwa wakipumua midomo wazi. Muktar hakusema kitu. Alikuwa amekaa kivulini mwa lori akihesabu kila aliyelala chini, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikomchoma Kivuva kuliko kama angepiga kelele.

Sasa, mtu aliyekulia Ukambani anajua foleni. Kiangazi kikikaza, watu huchimba visima kwenye mchanga wa mto na kungoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, na foleni inaweza kuchukua siku mbili. Hakuna anayeweza kukaa siku mbili. Kwa hiyo mtu huacha kitu chake kwenye mstari, debe, kibuyu, hata jiwe kama linajulikana ni la nani, akaenda kuangalia watoto na ng'ombe. Kitu hicho kinashika nafasi. Hakuna mkono mwingine unaokigusa, na mwenyewe peke yake ndiye anayeweza kukiondoa. Kivuva alikuwa ameshika nafasi hivyo tangu akiwa mtoto wa kubeba kibuyu. Akavua kofia yake ya kahawia, akaiweka juu ya jiwe jeupe la kando ya lami, akawasha lori, akawakimbiza mbuzi wa Muktar kwenye maji. Alikusudia kurudi jioni. Jioni alikuwa bado akishusha mizoga, na kesho yake alisikia koplo ameandika kwamba dereva ametoroka, na kwamba anatafutwa.

Siku ya pili kofia ilikuwa pale pale. Siku ya tatu Syokau, aliyekuwa akiuza chai kwenye kibanda ng'ambo ya barabara, aliona kuna kichwa chini yake. Kufikia Jumapili mabega yalikuwa yametokeza, na Jumatano iliyofuata Kivuva mzima alikuwa amesimama karibu na jiwe, mikono nyuma, akitazama upande ule alikoenda koplo. Syokau alivuka barabara na kikombe cha chai. Yule mtu alikunywa, akashukuru, akarudisha kikombe.

Habari zilimfikia Kivuva kupitia kwa Muktar, aliyepita Kanyangi mwezi uliofuata na kusema, katika kusalimiana, kwamba amemwona pale kwenye kona na anaonekana ana afya. Wakati huo miguu ilikuwa imekwisha kuanza kuuma. Kivuva hakwenda kumtazama. Aliwaambia watu anaogopa waranti, na ni kweli aliiogopa, lakini hasa alikuwa akiona haya. Kwa miaka kumi na moja aliendesha trekta na vipikapu vya watu kwenye barabara za vumbi huko ndani, ambako hakuna anayeuliza leseni, na lami hakuigusa.

Kilichomtoa ni lori la kanisa. Kanisa lilikuwa limepata lori kuukuu la kuchukua mahindi ya msaada kwenye stesheni ya Sultan Hamud, na Mchungaji Mutunga hakutaka dereva mwingine. Alisema jambo moja tu: Kivuva aende mahakamani, aulize kama jina lake lina kitu, na kama lina kitu akimalize, ili apewe leseni nyingine. Kivuva alikubali haraka. Kwake lori lilikuwa la pili. Alikuwa amepiga hesabu yake, kwamba kesi ikiisha, yule wa kwenye kona ataambiwa aende nyumbani, na miguu itapumzika. Aliwaza hivyo njia nzima, akapata furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu.

Karani wa mahakama alikuwa mama mmoja aitwaye Ndinda, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Waranti za trafiki alikuwa nazo kwenye kabati la chuma, zimefungwa kwa kamba ya mkonge mwaka kwa mwaka. Alishusha bunda la sabini na nne, akalipuliza vumbi, akafunua karatasi moja moja bila haraka.

"Kivuva wa Ndolo," alisoma. "Mzee, wewe ni ile iliondoka ama ni ile imesimama?"

"Ile iliondoka."

"Basi waranti ni yako."

Akamwonyesha faili. Polisi walikuwa wametumwa kumkamata mara tatu. Mara zote tatu walikwenda hadi kona ya Kwa Ngumbau, wakamkuta amesimama, wakamwambia twende. Akawajibu kwamba ameamriwa na koplo asitoke. Polisi wenyewe walikuwa makonstebo, na konstebo havunji amri ya koplo. Walikunywa chai kwa Syokau, wakarudi, wakaandika kwamba mshtakiwa hakupatikana. Mara ya mwisho mmoja aliongeza kwa kalamu nyekundu kwamba mshtakiwa ni mtu wa adabu sana.

Kesi ilisikizwa baada ya wiki mbili. Hakimu alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na mbele ya Kivuva alikuwa amemaliza watu kumi na tisa. Alimwuliza kama ni kweli alitoroka. Kivuva akasema hakutoroka, aliacha kofia.

"Kofia si mtu," alisema hakimu.

"Wakati ule haikuwa, mheshimiwa. Sasa ni mtu."

Hakimu aligeuza karatasi, akasoma yale maandishi mekundu, akatikisa kichwa kukubali. Aliiondoa waranti. Kwa ufa wa taa alimtoza faini ndogo, na Kivuva akailipa kwa mkono uliokuwa tayari, kama mtu anayelipa nauli ya kurudi kwao. Kisha akaomba ruhusa ya kusema. Akasema yuko mwingine, kule kwenye kona, na anaomba mahakama imwachilie naye.

Hakimu alitafuta kwenye faili mbele na nyuma. Akauliza yule mwingine ameshtakiwa nini. Kivuva akasema hajashtakiwa kitu, anangoja tu. Hakimu alivua miwani, akafikicha macho. Alikuwa amechoka, na hakuficha kwamba amechoka.

"Mzee, mimi naachilia mtu amekosa," alisema. "Huyo ametii. Mtu ametii hana kesi, na kama hana kesi, mimi nitamtoa wapi?" Amri ya kungoja, alieleza, inaweza kuondolewa na aliyeitoa. Akaita kesi ya ishirini na moja.

Ndinda ndiye aliyemhurumia. Aliulizauliza kwenye ofisi za watu, akagundua kwamba koplo hakuwa koplo tena. Alikuwa amepandishwa cheo mara mbili, na sasa alikuwa mbali, akiwafundisha makurutu namna ya kusimamisha magari. Ndinda alimwandikia barua kwa taipu, akagonga muhuri. Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Bwana mkubwa alisema haikumbuki siku hiyo wala dereva huyo, na kwamba ofisa hawezi kuondoa amri asiyokumbuka kuitoa. Kuhusu leseni, alishauri mwenyewe atangaze kuwa imepotea. Aliwatakia kazi njema.

"Hiyo ndiyo imekuja," alisema Ndinda, akimpa Kivuva barua aende nayo.

Leseni mpya ilitoka. Mchungaji Mutunga aliliombea lori, na Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili Kivuva akajitayarisha kwenda Sultan Hamud kuchukua mahindi. Nthenya alimletea kigoda cha miguu mitatu alichokuwa amekinunua sokoni Kabati, akakitia mwenyewe kwenye lori, karibu na gia.

"Mpe akae," alisema. "Mwambie hata mimi nimechoka, Baba Kalunde. Tangu unioe napasha maji ya miguu ya mtu sijawahi kumwona."

Kwenye kona ya Kwa Ngumbau kulikuwa na kizuizi, na polisi wawili walilizunguka lori. Walitazama leseni mpya, wakatazama taa za nyuma, ambazo Kivuva alikuwa amezifuta mara mbili, wakamruhusu. Akaegesha pembeni, akashuka polepole, mguu mmoja kisha mwingine.

Yule mtu alikuwa amesimama karibu na jiwe. Kivuva alikuwa amekwisha kusahau kwamba aliwahi kuwa na mgongo ulionyooka vile. Hakuwa na mvi hata moja. Shati lilikuwa limepauka hadi likakosa rangi, lakini lilikuwa safi, kwa sababu Syokau alikuwa akilifua kila Jumamosi, mwenye shati akiwa amesimama pale na kanga mabegani. Kofia ya kahawia ilikuwa kichwani. Walisalimiana kwa mkono, na kila mmoja akautambua mkono wa mwenzake.

"Mbuzi walifika?" aliuliza yule wa kwenye kona. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Kumi na wawili walikufa. Wengine walifika."

"Muktar alisema nini?"

"Alisema ni Mungu amepanga."

Yule wa kwenye kona aliitikia kwa kichwa. Ilionekana hilo lilikuwa limemsumbua. Akatazama tena barabara, gari lililokuwa likija, na lilipopita akauliza jambo la pili.

"Na mwaitu? Yuko mzima?"

Mwaitu ni mama. Mama yao alikuwa amefariki mwaka wa sabini na tisa, na Kivuva ndiye aliyemwaga udongo wa kwanza. Hakuwa amewaza kwamba kuna mtoto wake mwingine ambaye hakuambiwa. Alijisikia vibaya sana, vibaya kuliko siku ya mazishi yenyewe, kwa maana siku ile walau walikuwa wengi.

"Alituacha," alisema. "Mwaka wa sabini na tisa. Hakuteseka."

Mkono wa yule mtu ulipanda kwenye kofia, jinsi mkono wa mwanamume unavyopanda akipewa habari kama hiyo. Ukafika kwenye ukingo wa kofia, ukasimama. Kofia ndiyo iliyokuwa imeshika nafasi. Akaurudisha mkono nyuma ya mgongo, akatazama barabara, na machozi yakamtoka bila sauti. Kivuva naye alilia. Polisi wawili waligeuka kutazama upande wa pili, kwa heshima.

Walipotulia, Kivuva alitoa risiti ya mahakama na ile barua, akamsomea zote mbili. Alimwambia kesi imekwisha, waranti haiko, yuko huru. Yule mwingine alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama leseni imeletwa. Kivuva akamwonyesha mpya. Yule mwingine akasema hiyo si yenyewe, ile ilichukuliwa ikiwa na picha aliyopiga akiwa na tai ya kukopa, na koplo alisema atarudi nayo.

"Huyo mtu harudi," alisema Kivuva.

"Alisema anarudi."

Hapo Kivuva alikasirika, hasira ya zamani ambayo alidhani amekwisha kuizika. Aliinua mkono, akaishika kofia. Ilikuwa yake, na sheria ya foleni ilimpa haki ya kuiondoa wakati wowote. Ilikuwa na joto la jua. Yule mwingine hakumzuia wala kurudi nyuma.

"Unaweza kuitoa," alisema. "Lakini ukiitoa, hiyo maneno itakuwa imeisha aje? Itakuwa hakuna mtu alichukuliwa leseni. Itakuwa mbuzi walikufa tu."

Kivuva alisimama vilevile, kofia mkononi na bado kichwani mwa mwenzake, muda ambao magari matatu yalipita. Alifikiria miguu yake, na klachi, na maji ya chumvi. Kisha akaiachia. Akaenda kwenye lori, akakileta kigoda, akakiweka kando ya jiwe.

"Nthenya amesema ukae."

"Nthenya ni nani?"

"Ni bibi yako."

Yule mtu alikitazama kigoda kwa hamu iliyoonekana wazi. Akasema ni kizuri, ila koplo akimkuta amekaa atadhani amemdharau. Kivuva akamwambia atakaa magari yakiwa hakuna, na akisikia moja linakuja atasimama. Hilo yule mtu alilifikiria, akaona lina adabu ya kutosha.

Kabla hajaondoka, Kivuva alivuka barabara kumshukuru Syokau na kumpa pakiti mbili za majani ya chai. Syokau alizipokea, akasema hakukuwa na haja. Kivuva alipokuwa akirudi kwenye lori, aliona kwenye mti wa miiba nyuma ya jiwe koti la buluu limetundikwa. Chini ya koti kulikuwa na jozi ya viatu, na juu ya viatu miguu miwili iliyofika magotini. Alimwuliza Syokau kwa ishara.

"Ni ya dereva wa nyanya," Syokau aliitikia kutoka ng'ambo. "Aliambiwa angoje, na nyanya zinaoza. Tangu Jumatatu. Leo amepata magoti."

Nyuma ya Kivuva, polisi mmoja alikuwa amesimamisha pikapu na alikuwa akiizunguka mara ya tatu.

Kivuva alipakia mahindi, akafika Kanyangi alasiri, akayashusha kanisani. Jua likishuka alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya jikoni, na Nthenya alikuwa ametia chumvi kwenye maji. Alipokuwa akilisogeza karai, Kivuva aliinua mkono amsubirishe. Miguu ilikuwa imelegea. Ulegevu ulianzia mapajani, ukateremka magotini, ukafika kwenye vidole, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakikumuuma kitu.

"Amekaa," alisema.

Nthenya alishusha karai, akaketi kando yake. Kuku walikuwa wakipanda kwenye mti, na mtu alikuwa akiita ng'ombe huko chini mtoni. Kisha magoti ya Kivuva yakanyooka yenyewe, misuli ikakaza, na maumivu yakapanda hadi kwenye paja.

"Ni gari?" aliuliza Nthenya.

"Ni gari."

Wakangoja lipite. Halikupita haraka, labda lilikuwa limesimamishwa. Nthenya aliinuka, akalisukuma karai hadi miguuni pa mumewe, akarudi jikoni kuongeza maji mengine motoni.